Hesabu Iliyofunga Sifuri

Murera
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa Gerishon Githae, Membley.

Habari ya huko. Mimi si mzuri, na usiniulize kwa nini, nakwambia mwenyewe.

Jumapili tulipotoka kanisani ilinyesha mvua ya nusu saa hivi. Haikuwa mvua ya maana, ilikuwa ya kulowesha kuku tu. Nikachukua mwavuli nikaenda kusimama kando ya mtaro wangu mpya nione maji yakienda zake. Gerishon, maji hayakwenda zake. Yalikuja kwangu. Yaliingilia kwa kalavati ya barabarani, yakafuata mtaro mita mia mbili na ishirini bila kupotea njia, yakaja kusimama mlangoni mwa jikoni.

Huu ndio mtaro ulioupima wewe mwenyewe Januari, na levo yetu, ile darubini ya miguu mitatu. Nilishika stafu, ule ubao mrefu wa namba, nikasimama juani kama zamani, wewe ukachungulia ukaandika kitabuni. Ukaniambia nikimwaga maji jikoni yatafika kalavati kabla yangu. Musau na mwenzake wakachimba wiki mbili kwa sururu kwenye udongo huu mweusi unaonata. Kumbe nilikuwa najichimbia mto wa kuniletea maji nyumbani.

Na unajua vizuri kwa nini nilikuita. Aprili mwaka jana, yale mafuriko, Kavindu wangu na nyonga yake mbaya alitolewa ndani juu ya meza ya jikoni. Wanaume wanne walimbeba, maji magotini, majirani wote wanaangalia. Alijifunika uso kwa leso. Tangu siku hiyo ananiambia jambo moja, kwamba hatabebwa tena juu ya meza akiwa hai. Maji yakiingia tena ndani, anaenda kwa dada yake Matuu na harudi. Hasemi kwa hasira, anasema vile mtu anakwambia chumvi imeisha. Mkoba ameshaupanga, uko chini ya kitanda, nimeuona. Mimi nilimwahidi kwamba kabla ya mvua ya masika maji yatakuwa yamepata njia nyingine, kwa sababu namjua mpimaji ambaye hajawahi kukosea. Sasa naonekana mjinga katika nyumba yangu.

Njoo Jumamosi na levo tupime upya. Usinipigie simu. Masikio yangu unayajua, nasikia tu vuuu kama kinu cha posho. Na ile WhatsApp binti yako Becky aliniwekea nimeitoa, baada ya kutuma picha ya kidole changu cha mguu kwa kikundi cha akina mama wa kanisa. Emmaculate anakuja kuuza mboga huko kwenu kila Jumanne na Ijumaa. Mpe jibu.

Ni mimi,
Kyalo


Membley, Ruiru
Ijumaa, 7 Machi 2025

Kwa Kyalo,

Barua yako imenichukua siku mbili kuisoma. Wino gani huo umetumia? Hiyo samawati imefifia hata sijui ni barua au ni doa. Andika na kalamu nyeusi, na uandike kubwa, karatasi haijaisha duniani.

Sasa unisikilize, najua hupendi. Mimi na wewe tumebeba vipimo vya urefu wa ardhi ya nchi hii mji kwa mji. Tulitoka Thika tukashuka hadi Garissa, zaidi ya mita elfu moja na mia tatu kwenda chini, kituo kwa kituo, na tulipofika kule tulikuwa tumekosea upana wa kidole. Mkubwa wetu alikuja kunishika mkono mbele ya kambi nzima, na wewe ulikuwepo. Leo ati nimeshindwa na mita mia mbili za shamba lako lenye mahindi na mbuzi?

Kama kuna kosa, liko upande wako. Stafu ikiinama hata kidogo, namba inaongezeka, hilo nilikufundisha mimi mwenyewe ulipokuwa kijana mwembamba kutoka Ukambani. Au uliisimamisha juu ya kichuguu. Au huyo Musau amechimba na pombe ya jana kichwani. Mwulize kwanza yeye kabla ya kunisumbua mimi.

Jumamosi siwezi kuja. Kuna mkutano wa wakazi, tunazungumzia geti. Jumamosi inayofuata goti linaniuma.

Msalimie Mama Mbithe. Mwambie asipange mikoba, ni maji ya mvua tu.

Wako,
Gerishon Githae


Murera
Jumanne, 11 Machi 2025

Gerishon,

Hii hapa kalamu nyeusi. Nimeandika kubwa kama tangazo la mazishi. Kama hii pia huwezi kusoma, sasa hiyo ni shida yako.

Kabla ya kunifundisha mambo ya kuinama, angalia barua yako mwenyewe. Mstari wa kwanza uko sawa. Wa pili umeanza kupanda. Wa mwisho umekimbilia kwenye pembe ya karatasi, jina lako limekosa mahali pa kukaa. Barua imeanzia Ruiru imeishia Limuru milimani. Mtu anayeandika hivyo asiniambie mimi nimeinamisha stafu.

Umesahau Timboroa? Mawe ya barafu yalitupiga saa nzima, wewe na mwavuli wako mkakimbilia kwenye lori mkanywa chai, mimi nikabaki nimeshika stafu kwa sababu ulisema nisisogee. Uliporudi ukachungulia ukasema iko wima. Miaka thelathini na moja nimesimama wima, Gerishon. Sijaanza kuinama kwenye shamba langu mwenyewe, mke wangu ananiangalia.

Musau nimemwuliza. Amechimba kufuata vigingi, na vigingi ulivipa namba wewe.

Juzi jirani yangu Kaleli alikuja kunisaidia na simu yake, ati inaonyesha urefu kutoka baharini. Tukakaa jikoni ikasema mita elfu moja mia nne themanini na tisa. Kavindu akaleta chai. Tulipomaliza chai ikasema elfu moja mia nne tisini na saba. Nyumba yangu ilipanda mita nane na hatukuhisi. Nikamwambia aiweke mfukoni.

Sitaki maneno mengi. Kama goti linauma, mpe Emmaculate levo na kitabu cha vipimo, nitajisaidia mwenyewe. Mawingu yanajikusanya kila alasiri upande wa Thika. Sina muda wa mikutano ya geti.

Kyalo


Membley
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kyalo,

Levo haiwezi kusafiri ndani ya gunia la sukuma wiki. Tuliinunua pamoja kwenye mnada, nusu yangu nusu yako, na nusu yangu inakataa. Halafu ungeifanyia nini? Hujawahi kuichungulia maisha yako yote. Mwenye stafu anashika stafu.

Wacha nikukumbushe ardhi, kwa sababu naona umeisahau. Limuru iko zaidi ya mita elfu mbili. Ruiru hapa tuko elfu moja na mia tano na kitu. Kila kitu kati ya milima na Mto Athi kimeinamia mashariki, na mito yote ya kwetu inafuata huko. Nyinyi wa Murera mko pale ardhi imechoka kushuka ikaamua kulala. Maji yakifika hapo hayajui yaende wapi. Hayo si makosa yangu, mlalamikie aliyeumba.

Lakini kwa vile hunyamazi, nakutumia kitabu. Soma kurasa zote mbili. Tulianzia kizingiti cha jikoni, tukaenda hadi kalavati, tukarudi kizingiti cha jikoni. Urefu tulioanza nao ndio tuliorudi nao. Hesabu imefunga sifuri, Kyalo. Haijapotea hata milimita moja. Ukishasoma, uniandikie barua fupi ya kuomba msamaha, na uandike kubwa.

Gerishon


Murera
Jumanne, 18 Machi 2025

Shemeji Gerishon,

Sijawahi kukuandikia, na Kyalo hajui naandika. Nimemwambia Emmaculate akupe mkononi. Ukiona ni kazi kuisoma, mpe Becky akusomee. Hakuna kitu humu ambacho mtu mzima kama yeye hapaswi kusikia.

Kitabu chako kilifika Ijumaa jioni. Kyalo alikaa nacho mezani mpaka chai ikapoa. Akakifunga, akakifungua, akaleta miwani nyingine. Tangu hapo hasemi. Huyu mtu huongea hata akitafuna, sasa siku nne nyumba iko kimya, na nikimwuliza kuna nini kitabuni anasema ni namba tu. Nimechoka kuuliza.

Nimechoka na nyinyi wawili, nikwambie ukweli. Mnaandikiana kama mawakili. Huyu anasema levo, yule anasema stafu, na maji hayasomi barua zenu. Jumapili yalirudi. Mlango wa jikoni una ngazi tatu, na safari hii yalifika ya pili.

Sasa mimi nina langu. Siku ile ya Januari nilikaa barazani tangu asubuhi, mguu hauniruhusu zaidi. Nilikuona ukimimina chai kando ya kikombe, halafu ukasema meza yangu imeinama. Nilikuona ukienda chooni ukipapasa ukuta. Ulipofika ulinisalimia ukaniita Mbithe, na mimi na binti yangu hatufanani hata kwa mbali. Nilinyamaza. Nilifikiri ni heshima kunyamaza. Leo naona huko kunyamaza kwangu ndiko kumeleta maji jikoni.

Mimi siwezi kukucheka. Niliificha hii nyonga miaka miwili, kwa sababu sikutaka mtu anishike mkono nikipanda ngazi za kanisa. Nilisema nimejikwaa, nilisema ni viatu. Mwishowe nikabebwa mbele ya watu wote juu ya meza ninayokatia mboga. Ningesema mapema, ningeshikwa mkono tu.

Mwambie Kyalo. Mimi sitamwambia, si langu. Lakini maji yakipita ngazi ya tatu, sitangoja mmalize kuandikiana.

Kavindu


Murera
Ijumaa, 21 Machi 2025

Bwana Githae,

Nimesoma kitabu chako wiki nzima. Nilikuwa natafuta kosa, na sikulipata. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Miaka thelathini na moja tumezunguka na levo na kurudi tulipoanzia. Hata siku moja urefu haukurudi uleule. Ilikuwa milimita tano, ilikuwa nane, Naivasha upepo ukivuma ilikuwa kumi na nne na ukalala na njaa kwa hasira. Jua linacheza na macho, mguu wa levo unazama kidogo kwenye udongo, ndivyo kazi ilivyo. Na wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unawaambia wageni kambini kwamba mtu akikuletea hesabu iliyofunga sifuri, mfukuze, ameipika jikoni.

Halafu kituo cha sita. Umeandika namba ya kituo cha sita, nzuri, safi. Gerishon, kituo cha sita sikusimama. Nilikuwa nimeacha stafu chini nikaenda kufukuza mbuzi wa Kaleli kwenye maharagwe. Nilirudi ukaniambia tumeshapita hapo, twende mbele. Nikafikiri umekadiria. Wewe, kukadiria. Nilipaswa kujua siku ileile.

Kwa hivyo hukupima. Ulisimama kwenye shamba langu tangu asubuhi ukijifanya unapima, ukaandika namba za uongo, na mimi nimesimama juani nakupungia mkono. Mke wangu amekaa hapo nje anaangalia mawingu. Ungeniambia Desemba nilipokuja Membley kwamba hutaki, ningekasirika nikarudi nyumbani. Hata kama ungesema umechoka na mimi, ningekuelewa.

Usiniandikie tena habari ya stafu wala ya Limuru. Niandikie kwa nini.

Kyalo Kisilu


Membley
Jumanne, 25 Machi 2025

Kyalo,

Jicho la kulia lilikufa mwaka juzi. Ndilo lile la levo. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba ilianza zamani kimyakimya. La kushoto linaona kama mtu aliyeketi jikoni kwenye moshi wa kuni. Barua zako nazisoma na lenzi, neno moja moja, nikijifungia chumbani ili Becky asijue. Barua hii naiandika kwa kufuata ukingo wa rula, na najua bado itapanda mlima, nisamehe.

Desemba ulipokuja hapa ulikataa hata kukaa. Ulisema Kavindu anataka kazi apewe kijana mwenye mashine za setilaiti, na wewe umemwambia hapana, unamtaka Gerishon, hakuna mwingine unayemwamini. Nikatafuta vile ningekwambia. Nikaona nikisema sioni, kazi ndio imeisha, na sio ya shamba lako tu. Kazi yote. Nitakuwa mtu wa kuketishwa kwenye kiti barazani, kupewa chai kwenye kikombe cha plastiki, kuulizwa kama nasikia baridi. Kwa hivyo nikavaa kofia nikaja.

Kwenye levo sikuona namba hata moja. Niliona kitu kirefu kimesimama wima kwenye ukungu, na nikajua ni wewe, kwa sababu hakuna mtu mwingine anasimama hivyo. Ile kusema uliinama, naifuta. Hukuinama.

Lakini sikuandika uongo tu wa kubuni, nataka ujue hilo. Tulipima barabara hiyo mwaka wa tisini na nne, kabla hujanunua hapo. Ninakumbuka kila kitu. Kutoka mahali nyumba yako ilipo hadi kalavati, ardhi ilishuka sentimita thelathini na nane. Nilizigawanya kwa vituo vyote nikaandika, nikazirudisha zikafunga. Sifuri ilikuwa ni kiburi changu, nilitaka iwe nzuri. Niliamini ardhi haihami. Ijumaa nikamwuliza Emmaculate kuhusu hiyo barabara, akaniambia imemwagiwa kifusi mara tatu tangu aolewe huko, na kalavati jipya limewekwa juu ya lile la zamani. Kumbe wameipandisha na mimi nimekaa huku na barabara yangu ya tisini na nne.

Kavindu aliliona kabla yako, aliniandikia. Usimgombeze, barua yake ndiyo imenipa nguvu ya hii.

Becky nimemwambia jana. Alilia, halafu akanikasirikia, halafu akaniuliza kama ni mimi nimekuwa nikimwaga chai kwenye kapeti. Nikakubali hayo pia.

Tafuta kijana wa setilaiti, haraka, mvua imefika Limuru. Levo Becky atakuletea, ni yako yote sasa. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mama Mbithe zaidi.

Gerishon


Murera
Ijumaa, 28 Machi 2025

Gerishon,

Nimekasirika. Usifikiri kwa sababu nimesoma hiyo barua mara tatu basi imeisha. Miaka miwili unaniambia wino, unaniambia goti, unaniambia geti. Mimi nilipoanza kutosikia nilimwambia nani kwanza? Ulinicheka siku nzima, halafu ukaanza kuniandikia barua, na tukaendelea. Ulidhani mimi nitakuletea kikombe cha plastiki?

Kijana wa setilaiti nimempigia, yaani Kavindu amempigia. Anasema ana nafasi katikati ya Mei. Katikati ya Mei mimi nitakuwa naishi peke yangu na vyura.

Kwa hivyo unakuja wewe. Becky akulete Jumamosi ya tarehe tano, na levo. Nitachungulia mimi. Wewe utashika stafu.

Usianze. Naijua levo. Mwaka wa themanini na saba kule Naivasha ulienda kunywa chai nikachungulia, nikaona dunia imepinduka, ng'ombe miguu juu, ziwa liko mbinguni. Nikajua nimeiharibu. Sikulala wiki nzima nikingoja uigundue, na wewe ukaendelea kupima kama kawaida, ndipo nikaelewa kwamba ile mashine ya kizamani huona hivyo. Sikukwambia. Basi na mimi nilikuwa na siri. Namba nitazisoma kichwa chini, nitaandika, Kavindu atazijumlisha, hesabu yake inaishinda yetu.

Stafu haitaki macho, Gerishon, inataka mgongo. Nitafunga jiwe kwa uzi kwenye stafu, likigusa kidole chako gumba ujue umeinama. Shida ni nitakuitaje. Nikipunga mkono huoni. Ukiniuliza kitu sisikii. Nimefikiria siku mbili. Tutafungana kamba kiunoni, ile ndefu ya kufungia ng'ombe. Nikivuta mara moja, sogea mbele. Nikivuta mara mbili, simama. Wewe ukivuta, najua umeanguka.

Majirani watacheka. Wameshamcheka Kavindu juu ya meza, na sisi tucheke zamu yetu.

Kyalo


Membley
Jumanne, 1 Aprili 2025

Kyalo,

Leo mistari imenyooka kwa sababu mkono ni wa Becky. Mimi nasema, yeye anaandika, na ananikata maneno.

Nitakuja. Nina masharti. Kwanza, mbuzi wa Kaleli wafungwe. Pili, usivute kamba kwa nguvu, mimi si ndama. Tatu, nilitaka kuomba mwavuli, lakini nakumbuka mwenye stafu hapewi mwavuli, hiyo sheria niliiweka mimi, kwa hivyo nitavaa kofia.

Levo uiweke mahali pagumu na ukanyage miguu yake izame kwanza. Usiiguse tena ukishaanza kusoma. Usipumue juu ya kioo. Soma mara mbili, andika mara moja. Usinipikie namba.

Gerishon

Mzee Kyalo, huyu ni Becky. Anasema niandike kwamba haogopi. Tangu Ijumaa anasimama kwenye korido na fimbo ya mopu, ananiuliza kama iko wima. Nitamleta saa mbili asubuhi.


Murera
Jumanne, 15 Aprili 2025

Kwa Gerishon,

Becky akusomee polepole, na asikate maneno.

Kama ulivyoshika kwa mikono yako mwenyewe Jumamosi ile tulipopima, ardhi hapa haielekei barabarani tena. Inashuka kwa upande ambao hatukuwahi kuuangalia, nyuma ya zizi, kuelekea timbo la zamani la mawe kwa Kaleli. Si nyingi, sentimita ishirini na tisa kwa mita tisini. Kaleli amekubali, anasema shimo lenyewe halina kazi na bata wake watafurahi. Musau amechimba siku sita, na ule mtaro wa kwanza tumeuziba mdomo kwa mawe. Alininung'unikia kila siku, nikamwambia anung'unike kwa sauti maana sisikii.

Juzi Jumapili ilinyesha. Sio ya kuku, mvua yenyewe, tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Nilitoka na mwavuli nikasimama kando ya mtaro. Maji yalikuja hadi kona ya jikoni, yakazunguka hapo. Halafu yakashika njia ya zizi yakaenda. Yalienda, Gerishon, na majani na kandambili yangu moja, hadi kwa bata wa Kaleli.

Nilipogeuka nikamwona Kavindu. Ametoka jikoni na fimbo yake, ameshuka ngazi zote tatu peke yake, amesimama kwenye mvua anaangalia. Nilitaka kwenda kumshika mkono, akanikataza kwa kichwa. Baadaye ndio akaninyooshea mkono mwenyewe, wakati wa kupanda.

Kuna kitu sikukwambia siku ile kwa sababu nilikuwa na kazi. Pale kituo cha sita nilichungulia nikakuona. Ulikuwa kichwa chini na kofia yako, kamba kiunoni, miguu yako imekanyaga mbingu, na stafu imenyooka, hata Timboroa sikuishika hivyo. Nilikawia kusoma. Ulivuta kamba ukafikiri nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nafikiri kwamba miaka thelathini na moja hivyo ndivyo ulikuwa unaniona mimi, na hukuniambia hata siku moja kwamba nilikuwa nimesimama vizuri.

Uliondoka na kamba yangu. Uliingia nayo garini ukiwa bado umejifunga. Ng'ombe anazurura, mpe Emmaculate airudishe.

Mkoba wa Kavindu leo asubuhi nimeukuta umeoshwa, umetundikwa nje ukikauka, hauna kitu ndani.

Na hesabu. Kavindu ameijumlisha mara tatu, nami nimeirudia. Tulianzia kizingiti cha jikoni tukarudi kizingiti cha jikoni, na haikufunga. Tumekosea milimita kumi na moja. Nimeiandika kwenye kitabu chako kwa kalamu nyeusi, kubwa, na chini yake nimeandika majina yetu mawili.

Kyalo